Ile bastola yenye boksi mbele ya triga: ya Mjerumani, ya Mchina au ya Star Wars?

Picha ilikuwa ya Kichina, zile za kupigana na Mjapani, kibanda kimejaa mpaka wengine wamesimama mlangoni. Stelingi akachomoa bastola ya ajabu ajabu: mtutu mwembamba, mbele ya triga kuna kaboksi ka chuma, nyuma pa kushikia pameviringika kama mpini wa kisu cha buchani. Ubishi ukaanza hapo hapo. Mzee mmoja akasema hiyo ni ya Mjerumani, ya vita ya kwanza. Muuza chipsi akamkatalia, ya Mjerumani wapi wakati kila picha ya Kichina wanayo. Kijana mmoja wa chuo akasema nyie wote hamjui, hiyo ni ya Han Solo kwenye Star Wars, haijawahi kuwepo duniani, imetengenezwa kwa ajili ya muvi. Na kule nyuma jamaa akapiga kelele kwamba hata iwe ya nani, hiyo ni automatiki, inamwaga.

Nilirudi nyumbani nikicheka maana wote wanne walikuwa na kaukweli, hata yule wa chuo aliyekosea nusu. Na kwa vile huu ubishi nauona pia mitandaoni, mtu anaposti picha ya hiyo bastola halafu komenti mia mbili za kutukanana, ngoja tuinyooshe taratibu.

Jina lake ni Mauser C96. Mauser ni kampuni, ilikuwa mji wa Oberndorf kule Ujerumani, kusini magharibi, na 96 ni mwaka 1896 ilipoanza kutengenezwa. Ilikuwa moja ya bastola za kwanza kabisa za semi otomatiki kufanikiwa sokoni na kuingia vitani.

Sasa semi otomatiki ndo nini? Hapa ndipo watu wengi wanateleza, na siwalaumu, maana hata wenye viwanda vya enzi hizo walikuwa wanaziita tu "otomatiki" kwenye matangazo yao wakimaanisha bastola inayojipakia yenyewe. Chukua stepla ya ofisini. Ukibonyeza mara moja inatoka pini moja, springi ndani inasukuma pini nyingine ije mbele ikae tayari, ukitaka ya pili sharti ubonyeze tena. Hiyo ndo semi otomatiki: kuvuta triga mara moja, risasi moja, lakini ile ya pili imeshajiweka yenyewe. Sasa chukua bomba la maji. Ukilifungua maji yanatoka tu mpaka wewe ulifunge au tenki liishe. Hiyo ndo otomatiki kamili, kidole kikikaa kwenye triga zinamwagika.

Halafu kuna rivolva, ile ya makauboi yenye kapipa kanakozunguka. Ile haijipakii kitu, ni nguvu ya kidole chako au dole gumba ndo inazungusha pipa na kurudisha nyundo nyuma. Ni kama kisima cha kamba, maji yapo lakini kila ndoo unaivuta mwenyewe.

Tofauti ya stepla na Mauser ni nguvu inatoka wapi. Kwenye stepla ni mkono wako. Kwenye bastola ni ule mteguko, yaani lile teke la kurudi nyuma ambalo kila mtu aliyewahi kushika silaha analijua. Zamani teke lile lilikuwa linapotea bure begani. Mmarekani mmoja, Hiram Maxim, mwaka 1884 akiwa London akaonyesha kwamba unaweza kulifanyisha kazi, teke hilo hilo litupe ganda lililotumika, livute risasi mpya na kukoki. Ndo likazaliwa lile dude ambalo babu zetu waliliita bombomu kwa mlio wake. Baada ya hapo kila fundi Ulaya akawa anajiuliza kama hii akili inaweza kuingia kwenye kitu cha kushika mkono mmoja.

Kilichokuwa kinakwamisha ni baruti. Baruti nyeusi ya zamani ina moshi na masizi, ukipiga kidogo tu vyuma vyote vimejaa uchafu, na mashine yenye vyuma vidogo vinavyoteleza haipendi uchafu (muulize fundi cherehani yeyote). Ufaransa ikaja na baruti isiyo na moshi miaka hiyo hiyo ya 1880, safi zaidi na yenye nguvu zaidi kwa kipimo kidogo, na mlango ukafunguka. Hugo Borchardt akatoa bastola yake mwaka 1893. Ilifanya kazi vizuri tu ila ilikuwa na mgongo mrefu kweli, ukiishika unaona kama umeshika drili.

Pale kiwandani kwa Mauser kulikuwa na ndugu watatu ukoo wa Feederle, ndo waliobuni hii yenye boksi. Mmoja wa waanzilishi wa kiwanda, Paul Mauser, inasemekana mwanzoni hakuwa na mzuka nayo, lakini ilipokubali akaisajili mwaka 1895, kwa jina lake. Ndugu wa Feederle ndo hivyo, leo nani anawajua.

Ndani yake ni kitu kizuri hata kama hupendi silaha. Risasi ikilipuka, mtutu na bolti (kile chuma kinachoziba nyuma ya mtutu) vinarudi nyuma vikiwa vimeshikana, kama watu wawili wamebeba kabati. Wakienda kidogo tu, kichuma cha chini kinashuka na kuachia, mtutu unasimama, bolti inaendelea peke yake, inatupa ganda juu, inarudisha nyundo nyuma, halafu springi inairudisha mbele na njiani inasukuma risasi mpya iingie. Kwa nini vishikane kwanza? Kwa sababu ukifungua mara moja wakati presha bado iko juu, moto na chuma vinamrudia mwenye bastola usoni, ni sawa na kufungua presha kuka wakati bado inapiga filimbi. Kule kushikana ni kusubiri kichwa cha risasi kitoke kwanza. Na vyuma vyote vimeingiliana kama fumbo, bastola nzima ina skrubu moja tu, ya kushikilia mbao za mpini.

Risasi 10 zinakaa kwenye lile boksi la mbele. Na hapa mnisikilize vizuri: kwenye C96 ya kawaida lile boksi halichomoki. Kupakia, unavuta bolti nyuma, inabaki wazi juu, unachomeka kipande cha bati kilichoshika risasi 10 kwa mstari, unazisukuma chini kwa dole gumba, unachomoa bati, bolti inaruka mbele. Kwa hiyo ukiona muvi mtu anatoa magazini (boksi la risasi) chini anachomeka nyingine, ama ni toleo la baadaye ama mwongozaji ameamua mwenyewe.

Turudi kwa yule mzee wa kibandani. Ni kweli ni ya Mjerumani, ila watu wengi wanadhani ndo ilikuwa bastola rasmi ya jeshi la Kaizari, na hapo sio. Jeshi la Ujerumani liliichagua ile nyingine, Luger, mwaka 1908, ndo maana inaitwa P08, ile yenye mgongo unaopinda kama goti ikipigwa. Luger ilikuwa nyepesi, inashikika vizuri, na magazini inaingia ndani ya mpini. C96 ilikuwa ghali, nzito zaidi ya kilo moja, mbele imelala kama mtu aliyebeba mzigo upande mmoja. Maofisa wengi waliinunua kwa hela yao. Vita ilipoanza na Luger zikawa hazitoshi, mwaka 1916 jeshi likaagiza C96 150,000, lakini zitumie risasi ya Luger ya milimita 9 badala ya ile yake ya 7.63, na ili askari asichanganye risasi wakachonga namba 9 kubwa kwenye mpini na kuipaka rangi nyekundu. Ukiiona hiyo 9 nyekundu kwenye picha inayodai ni ya mwaka 1900, cheka tu.

Na sio Wajerumani peke yao walioibeba. Winston Churchill, huyo huyo aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza, alikuwa nayo Sudan kwenye vita ya Omdurman, tarehe 2 Septemba 1898, ana miaka 23. Bega lake lilikuwa na tatizo tangu lilipoteguka India, upanga haumfai, kwa hiyo farasi zilipoanza kukimbia akarudisha upanga kwenye ala akachomoa Mauser. Kikosi chao cha farasi mia nne hivi walidhani mbele kuna watu wachache, kumbe ndani ya korongo kulikuwa na zaidi ya elfu mbili. Ndani ya dakika chache Waingereza 21 wakafa hapo. Churchill mwenyewe aliandika baadaye kwamba ile bastola ndo ilimtoa. Wasudani waliokufa siku ile vita nzima walikuwa maelfu kwa maelfu, wengi kwa bombomu, na hilo ndo jambo ambalo hadithi ya bastola ya kijana wa Kiingereza huwa inalifunika. Mwaka 1972 wakaitengenezea filamu, Young Winston, na humo bastola ni yenyewe, mwaka unakubali, hawajachapia.

Sasa muuza chipsi. Yeye naye yuko sahihi, na pengine kuliko wote, maana hakuna nchi iliyoipenda hii bastola kama China. Miaka ya 1910 na 1920 China ilikuwa imegawanyika, kila mkoa una jenerali wake na jeshi lake, na mwaka 1919 mataifa makubwa yakakubaliana kutoiuzia silaha, katazo likakaa mpaka 1929. Bunduki za kivita zikawa ngumu kuingia lakini bastola zikawa zinapita pita, na Mauser ilikuwa bastola yenye ujanja wake. Ile ala yake ya mbao, boksi la kuibebea kiunoni, unaichomeka nyuma ya mpini inageuka kitako cha kuweka begani. Yaani umenunua bastola ukapata na kabunduki kafupi. Wachina wakaiita hezipao, mzinga wa boksi, kwa ajili ya hiyo ala. Zikaingia za Mjerumani, zikaingia za kuigiza kutoka Hispania, wenyewe wakazitengeneza pia, na kule Taiyuan mkoa wa Shanxi jenerali Yan Xishan akatengeneza yake kubwa ya milimita 11.43 ili itumie risasi moja na bunduki zake za Thompson. Ile aliyoibeba Zhu De, kamanda wa wakomunisti wa China, kwenye uasi wa Nanchang wa 1927 iko makumbusho ya jeshi Beijing mpaka leo.

Kwa hiyo wakati sinema za kimapinduzi zinaanza China, hii bastola ilikuwa kumbukumbu hai, watu walioitumia walikuwa bado wazima. Kwenye picha za vita na Mjapani msaidizi wa chini anapewa bunduki, kamanda wa msituni anapewa mzinga wa boksi, na ukimuona mtu anazo mbili, mkono huu na huu, jua huyo hafi mpaka mwisho. Ukiwa na king'amuzi chenye chaneli za Kichina jaribu wiki moja utaniambia.

Halafu jamaa wa nyuma, wa "inamwaga". C96 ya kawaida haimwagi, ni stepla. Lakini Wahispania walipoona soko la China linataka makubwa zaidi wakatoa nakala zinazomwaga kweli, na Mauser kuona anaporwa wateja akatoa ya kwake miaka ya 1930 mwanzoni, inaitwa Schnellfeuer, maana yake moto wa haraka. Hiyo ndo yenye magazini inayochomoka, ya 10 au 20, na ukiiweka kwenye kumwaga zile 20 zinaisha kwenye sekunde mbili hivi. Kwa mkono mmoja haishikiki, inapanda juu. Inasimuliwa kwamba Wachina waliilaza ubavu ili ikipanda iende pembeni badala ya juu, ifagie watu kwa mstari. Sasa ukiona kwenye picha mtu kailaza bastola ubavu usikimbilie kusema kaiga machizi wa Marekani.

Uongo mwingine unaozunguka ni wa umbali. Kwenye C96 nyingi kile kipimo cha kulengea nyuma kimeandikwa mpaka mita 1,000, na watu wanapiga picha wanaposti, "bastola ya kilomita moja hii". Risasi kufika huko inaweza, kumpata mtu huko ni kama kurusha embe juu ya paa la jirani na kutegemea litaangukia kwenye sufuria. Hata na kitako begani, mita mia na ushee ni kazi. Ile namba ilikuwa ya kuuzia, kama spidi mita ya kibajaji inayosoma 140.

Tumfikie kijana wa chuo. Star Wars ilipokuwa inatengenezwa Uingereza mwaka 1976 hakukuwa na hela ya kubuni silaha mpya za angani na pia zingeonekana za plastiki. Roger Christian na wenzake wakaenda kwenye ghala la Bapty pale London, hawa wanakodisha silaha kwa wenye sinema, wakachukua silaha za kweli wakazipachika makorokoro. Askari wale weupe wakapewa Sterling (bunduki ya jeshi la Uingereza, sio stelingi wa muvi) na Han Solo akapewa Mauser C96, juu wakafunga darubini ya kulengea, mbele ya mtutu wakaongeza kichuma kilichotoka kwenye bunduki ya ndege ya Kijerumani. Basi. Ile "silaha ya anga za mbali" ina mwili wa Oberndorf. Mwezi Agosti 2022 ile iliyobaki kati ya tatu zilizotumika kwenye filamu ya kwanza iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 1,057,500. Kwa hiyo kijana alikuwa sahihi kuhusu Han Solo, akateleza kwenye "haijawahi kuwepo".

Mi nadhani siri yake kwenye kioo ni umbo tu. Bastola nyingi ukiziangalia kwenye TV ya inchi 21 kutoka benchi la nyuma zote ni kipande cha chuma cheusi. Hii unaijua hata kwa kivuli chake. Na kwa vile inaonekana ya zamani na ya kigeni kwa wakati mmoja, waongozaji wanampa mtu wanayetaka umuone tofauti na wenzake. Sergio Corbucci alifanya hivyo kwenye The Great Silence ya 1968, kauboi ya Kiitaliano yenye theluji kila mahali, ya mwaka 1898, wote wana silaha za kikauboi isipokuwa stelingi ambaye ni bubu, yeye ana Mauser. Haongei, lakini bastola inakwambia huyu hatoki dunia ya hawa wengine. Clint Eastwood naye anayo kwenye Joe Kidd ya 1972, na ukiingia kwenye magemu utaikuta Battlefield 1 na Red Dead Redemption.

Sio wote wanakuwa makini hivyo. Big Jake ya John Wayne, ya 1971, hadithi ni ya mwaka 1909 na kuna bastola ya kisasa wanaitaja kwa jina lenye 1911, na yenyewe ukiichungulia ni Walther P38 iliyovalishwa makorokoro, bastola ya kuelekea vita ya pili. Ni kama picha ya Majimaji halafu mtu anatoa Nokia ya tochi.

Kuna kitu kimoja cha mwisho ambacho watu hawakifikirii. Kwenye kuigiza wanatumia blanki, ganda lina baruti ila halina kichwa. Sasa kumbuka Mauser inafanya kazi kwa teke, na teke linatoka kwenye kichwa cha risasi kinaposukumwa mbele. Hakuna kichwa, hakuna teke la maana, bastola inalia paa mara moja halafu imelala. Mafundi wa sinema inabidi wabane mtutu kwa ndani ili presha ikae kidogo isukume vyuma nyuma, na mara nyingi wanaondoa au kulegeza ile sehemu ya kushikana. Kwa hiyo bastola "halisi" unayoiona ikipiga mfululizo kwenye muvi mara nyingi imeshafanyiwa operesheni. Na blanki sio mchezo, ule moto na upepo wa mbele vinaua mtu kwa karibu. Mwigizaji Jon-Erik Hexum alikufa hivyo mwaka 1984, aliweka rivolva yenye blanki kichwani akitania.

Ule usiku wa kibandani, baada ya ubishi kupoa, nikaanza kuhesabu kimya kimya. Ilikuwa C96 ya kawaida, boksi halichomoki, risasi 10. Stelingi akapiga mfululizo akiwa juu ya paa, akaruka, akapiga tena akiwa hewani, akabiringika, akapiga tena. Nilifika 23 ndo akasimama kuvuta pumzi. Hakuweka hata bati moja. Mzee wa Mjerumani alikuwa anahesabu pia, akanigeukia akaniuliza, "wewe umefika ngapi?"